Mnyama Kizimbani na Jicho la Kamera

Kiranjeranje ni kata ya Wilaya ya Kilwa, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, kabla msafiri hajafika mto Mbwemkuru. Watu wake ni wakulima wa ufuta, mtama na mihogo. Mazao yakaribiapo kukomaa, mkulima hujenga dungu shambani akalala humo, apate kuwafukuza nguruwe-mwitu. Mtu aliyekulia katika hali hiyo humjua mnyama kwa nyayo, kwa harufu na kwa sauti kabla hajamwona kwa macho. Na amwonapo, haja yake ya kwanza ni kujua kama yuko karibu mno. Uraibu wa kumtazama mnyama kwa starehe, kumngoja ageuze shingo, kisha kumpiga picha ya kutundikwa ukutani, wahitaji jambo moja ambalo shamba la Kiranjeranje halina: hofu iwe imekwisha kuondolewa na mtu mwingine. Historia ya uraibu huo, tangu katikati ya karne ya 19, kwa sehemu kubwa ni historia ya jinsi hofu hiyo ilivyoondolewa, na ya nani aliyelipa gharama yake.

Si kweli, hata hivyo, kwamba watu wa pwani hawakupata kumpenda mnyama kwa macho. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika baraza la mfalme wa China, naye akapokewa kama mnyama wa heri. Na mwaka mmoja kabla yake twiga mwingine, aliyetoka kwa mfalme wa Bengal, alikuwa amekwisha chorwa huko kwa ustadi, pamoja na mshika kamba wake. Unguja nako, Seyyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba ua wa Bet il Mtoni ulijaa tausi, paa, korongo wekundu na mbuni waliotembea wapendavyo. Lakini hao walikuwa wanyama wa majumba ya wakubwa. Mkulima hakufuga mbuni.

Kamera ilipozaliwa, haikuweza kumfuata mnyama porini hata kama mwenyewe angetaka. Njia iliyoenea baada ya mwaka 1851, aliyoibuni Frederick Scott Archer, ilitaka kioo kipakwe dawa, kitiwe katika kamera kikiwa kingali kibichi, kipokee nuru kwa nukta kadhaa, na kisafishwe kabla hakijakauka. Mpiga picha alibeba chumba cha giza mgongoni au garini. Mnyama aliyefaa kwa kazi hiyo ni yule asiyeweza kwenda mbali, na afadhali awe amelala. Ndiyo sababu picha za mwanzo za wanyama wakubwa wa Afrika hazikupigwa Afrika. Zilipigwa katika bustani za wanyama za Ulaya.

Picha iliyo mashuhuri kuliko zote za wakati huo ni ya kiboko aitwaye Obaysch. Alikamatwa akiwa ndama katika mto Nile mwaka 1849, akatolewa na Abbas Pasha wa Misri kwa balozi wa Uingereza, naye Pasha akapewa mbwa wa kuwindia. Tarehe 25 Mei 1850 alifika London pamoja na mlezi wake Mwarabu, na kwa muda watu wapatao 10,000 kwa siku walikwenda kumtazama. Mwaka 1852 mwana wa ukoo wa kifalme wa Hispania, Count of Montizón, aliyekuwa akipiga picha kwa kujifurahisha, alimpiga picha akiwa amelala ubavu kando ya bwawa. Picha hiyo ina jambo ambalo huenda mpigaji hakulikusudia. Fito za chuma zaonekana nyuma ya kiboko, na nyuma ya fito wamesimama watazamaji. Atazamaye haraka hudhani kwamba waliofungiwa ni wale wenye kofia.

Frank Haes na Frederick York walifuata katika bustani iyo hiyo. Miongoni mwa kazi zao ni picha za kwaga jike, ndugu wa punda milia aliyeishi Afrika ya Kusini, mwenye milia kichwani, shingoni na kifuani zaidi. Jike huyo alifika London mwaka 1851 akafa mwaka 1872. Kwaga wa mwisho duniani alikufa Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883, ilhali wale wa porini walikuwa wamekwisha kumalizwa kwa bunduki. Picha zijulikanazo za kwaga aliye hai ni 5 tu, na zote ni za jike huyo mmoja, amesimama uani karibu na ukuta. Msomaji aweza kuuliza kama yafaa kuulaumu uraibu huo au kuushukuru. Bila ya kizimba pasingalikuwa na picha. Lakini mkono uliomjengea kizimba ulikuwa wa jamii ile ile iliyomaliza ndugu zake.

Habari za wanyama wa nyumbani ni nyepesi zaidi. Paka hakuhitaji fito, kwa maana hofu yake iliondolewa zamani kwa maziwa na mabaki ya samaki. Huko Brighton, tangu miaka ya 1870, Harry Pointer aliwapiga paka picha nyingi akawauza katika kadi. Na mwaka 1900 kamera ya Brownie ilipoanza kuuzwa kwa dola 1, hata mtoto aliweza kumpiga mbwa wake picha. Siku hizi simu ya mkononi imeifikisha kazi hiyo katika kila kijiji, na paka wa pwani hupigwa picha kama paka wa mahali pengine.

Aliyeitoa kamera bustanini akaipeleka porini usiku, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alikuwa Mjerumani Carl Georg Schillings. Alisafiri katika nyika za kandokando ya Kilimanjaro na mto Pangani wa juu kati ya mwaka 1896 na 1903. Njia yake ilikuwa ya mtego: punda au ng'ombe alifungwa mtini, uzi ukatandazwa, na simba alipougusa, unga wa magnesiamu uliwaka ghafula kama radi na kioo kikapokea picha. Katika picha hizo wanyama wamekodoa macho, nayo macho yang'aa kama makaa. Watu wa Ulaya walistaajabu kumwona simba asiye na fito mbele yake. Wachache waliuliza habari za punda. Schillings vilevile alipeleka ndama wa kifaru akiwa hai katika bustani ya Berlin, pamoja na mbuzi wa kumliwaza. Kwa hiyo hata mtu huyu, ambaye baadaye alitetea sana uhai wa wanyama, hakuiacha njia ya kizimba.

Kitabu chake kuhusu nuru ya ghafula na bunduki kilitoka Leipzig mwaka 1905. Mwezi Julai wa mwaka huo huo, Nandete katika milima ya Matumbi, Wilaya ya Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Yapaswa miaka hiyo miwili kusomwa kama mwaka mmoja. Wasomaji wa Ujerumani walikuwa wakifunua kurasa kuona viumbe wa nchi hii, na majeshi yao yalikuwa yakichoma ghala za nafaka za kusini yake. Makisio ya wanahistoria kuhusu waliokufa kwa vita na njaa hufika watu 300,000.

Na picha haikukoma kwa wanyama. Mwaka 1896, katika maonyesho ya makoloni huko Treptow, Berlin, watu 106 kutoka makoloni ya Kijerumani, wakiwamo Waswahili na Wamasai, waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe, wapimwe na wapigwe picha. Baadhi yao walikataa kuvua nguo zao za kawaida mbele ya kamera. Mmoja, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alijinunulia darubini ya ukumbi wa maonyesho akawatazama watazamaji wake. Carl Hagenbeck wa Hamburg, mfanya biashara wa wanyama, alikuwa akionyesha watu pia tangu mwaka 1874. Ni yeye aliyefungua bustani ya Stellingen mwaka 1907, ambamo simba walitengwa na watu kwa handaki lisiloonekana mahali pa fito. Kwa mpiga picha hiyo ilikuwa neema kubwa. Wenye uraibu huu leo bado wafanya ujanja wa namna iyo hiyo kwa lenzi: huikaribisha sana na wavu na kuifungua wazi kabisa, wavu ukayeyuka, na mnyama akaonekana kana kwamba yuko huru.

Lakini liko handaki kubwa kuliko la Stellingen, nalo liko magharibi ya Kiranjeranje. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyama, na sehemu ya nchi ya Rufiji ikatengwa. Baada ya Maji Maji mashamba mengi yaliyobaki bila watu yaligeuka msitu. Waingereza waliliita pori hilo Selous mwaka 1922, wakalipanua. Na katika miaka ya 1940 maelfu ya watu wa upande wa Liwale walihamishwa, kwa sababu iliyotajwa ya malale. Afisa wanyamapori C. J. P. Ionides alikuwa miongoni mwa walioshikilia kazi hiyo. Yeye huyo baadaye alikaa kusini akikamata nyoka kwa mikono yake, mafutu na nyoka wengine wenye sumu kali, na kuwapeleka wakiwa hai katika bustani za wanyama za ng'ambo. Nyoka wa nchi ya Lindi amepigwa picha nyuma ya kioo na watu wasiojua Lindi iko wapi.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika lugha ya serikali huo ni utalii wa picha, uliotengwa na utalii wa uwindaji. Jina lafaa sana. Mgeni hukaa ndani ya gari, na gari ndilo kizimba chake. Mnyama yuko nje, na mwenye shamba yuko nje pia, upande mwingine wa mpaka ambao tembo hawausomi.

Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 563 Tanzania, na wilaya za kusini-mashariki ndizo zilizoumia zaidi. Wataalamu waliochunguza jambo hilo waliona kwamba vifo huongezeka wakati wa mavuno, na kwamba nguruwe-mwitu ndiye amwitaye simba shambani: mkulima hulala dunguni kwa ajili ya nguruwe, na simba huja kwa ajili ya nguruwe huyo huyo. Usiku ufuta ukivuma kwa upepo, mtu aliye dunguni husikia kitu chapita, huwasha tochi, na mbele yake macho mawili yang'aa kama yale ya picha za Schillings. Hangoji yageuke. Hupiga debe na kuwaita walio katika dungu la pili.