Wakili Hufika Mwisho: Historia ya Msaada wa Kisheria kwa Wahamiaji Mpakani Tunduma

Mgeni anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza hupata taabu kujua Tanzania inaishia wapi. Mji huu na Nakonde ya Zambia vimeshikana kiasi kwamba mtu anaweza kunywa chai upande mmoja na kununua vocha upande wa pili bila kuhisi amevuka nchi. Wanyamwanga wako huku na kule, wanaoana na kuzikana. Mpaka wenyewe waliuamua watu wa mbali: Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba Julai 1, 1890, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima.

Leo malori ya mzigo hukaguliwa kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Asiye na hati hapiti hapo. Hutafuta njia ya panya, na akikamatwa huanza safari nyingine: kituo cha polisi au ofisi ya Uhamiaji, kizimbani, gerezani, kisha kurudishwa kwao. Katika mlolongo huo anakutana na askari, ofisa uhamiaji, mwendesha mashtaka, hakimu na bwana jela. Wakili, kama yupo, hufika mwisho. Hali hiyo ina historia ndefu.

Mwaka 1921 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwahamisha watu, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 38. Gavana aliweza kuamuru mtu aondolewe sehemu moja ya nchi na kupelekwa nyingine bila kesi. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, sheria hiyo ilibaki kwenye vitabu. Kilichobadilika ni mwenye kalamu: badala ya gavana, hatimaye rais.

Hata hivyo, nchi hiyo hiyo changa ilijua kumpokea asiye na hati. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, ndege ndogo kutoka Bechuanaland ilitua Mbeya ikiwa na Nelson Mandela, aliyekuwa ametoroka Afrika Kusini bila pasipoti. Songwe ya leo, ambako Tunduma ipo, ilikuwa bado sehemu ya eneo la Mbeya. Ilikuja kuwa mkoa mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Serikali ya Tanganyika ilimpa Mandela barua ya kumtambulisha na kumruhusu kutoka na kurudi, naye akaitumia kuzunguka nchi za Afrika. Karatasi moja iliyoandikwa na ofisi yenye nia njema ilitosha.

Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Barabara ya TANZAM ikaimarishwa, kisha reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975, zote zikipita Tunduma. Shaba ikaelekea Dar es Salaam. Miaka mingi baadaye, barabara hiyo ikawa inabeba watu wanaoelekea upande wa pili, kusini.

Msaada wa kisheria nao ulikuwa unaanza katika miaka hiyo. Mwaka 1967 Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kiliunda kamati ya kuwasaidia wasio na uwezo. Mwaka 1969 Bunge likatunga sheria ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai. Kwa vitendo, wakili wa utetezi anayelipwa na serikali alipatikana zaidi kwa mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji au kosa lingine zito la namna hiyo. Aliyeshtakiwa kuingia nchini bila kibali alisimama peke yake.

Na kusimama peke yake mahakamani kuna gharama inayoonekana wazi pale shtaka linaposomwa. Katika kesi za aina hii, hati moja inaweza kuwa na majina kumi na zaidi. Karani anasoma, mkalimani anatafsiri, na washtakiwa wanajibu mmoja mmoja: "Ni kweli." Wengi wa vijana wa Ethiopia wanaopita njia hii wanatoka Hadiya na Kembata kusini mwa nchi yao. Lugha za nyumbani kwao ni Kihadiya na Kikambata, na mkalimani akipatikana, huenda anajua Kiamhari tu.

Hapo ndipo maamuzi mawili ya zamani yanapata uzito. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua za kupokea jibu la mshtakiwa: aelezwe shtaka na kila kipengele chake kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, maelezo ya kosa yasomwe, na apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza neno. Mwaka 1983, katika kesi ya Laurence Mpinga, mahakama za Tanzania zikataja sababu zinazoruhusu aliyekiri kosa kukata rufaa: jibu lililokuwa na utata, kukiri kwa kutoelewa, shtaka lisilo na kosa ndani yake, au maelezo yasiyotosha kumtia hatiani. Bila sababu hizo, aliyekiri anaweza kulalamikia adhabu tu.

Kisheria, basi, mhamiaji aliyejibu "ni kweli" bila kuelewa hajafungiwa mlango. Lakini mlango huo unahitaji mtu wa kuugonga.

Mwaka 1988 mtu wa namna hiyo alipatikana Mwanza. Katika kesi ya Chumchua Marwa, aliyekuwa ameshikiliwa kwa amri ya kuhamishwa, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema sheria ile ya 1921 inapingana na haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mlalamikaji alikuwa mwananchi aliyehamishwa ndani ya nchi yake, si mgeni. Hata hivyo hoja iliyojibiwa ilikuwa ile ile: je, serikali inaweza kumwondoa mtu bila kumsikiliza?

Ng'ambo ya Nakonde swali hilo lilijibiwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Februari 1992 Zambia iliwafukuza raia 517 wa nchi za Afrika Magharibi. Shirika moja la haki za binadamu lililalamika, na mwaka 1996 Tume ikasema Zambia ilivunja Mkataba wa Afrika, unaokataza kufukuza watu kwa makundi. Mwaka 1994 wanasiasa wawili wa chama cha UNIP, William Banda na John Chinula, walipelekwa Malawi kwa madai kwamba si Wazambia. Chinula hakupewa hata nafasi ya kwenda mahakamani. Tume ilitoa uamuzi wa kuilaumu Zambia mwaka 1999.

Wakati huo safari za kwenda Afrika Kusini zilikuwa zinakua. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilikadiria kwamba wanaume kati ya 17,000 na 20,000 kutoka Pembe ya Afrika walikuwa wakisafirishwa kwa magendo kwenda huko kila mwaka. Juni 2012 Watanzania waliona gharama ya biashara hiyo: zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa wilayani Kongwa, Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori.

Waliokamatwa wakiwa hai waliangukia kwenye Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Zipo sheria nyingine zinazoweza kumfaa mtu huyo, lakini lazima mtu azitaje. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa anayeomba hifadhi siku 7 za kujitokeza. Sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inamtazama aliyerubuniwa kama mhanga. Kazi ya kwanza ya wakili hapa ni maswali mepesi: una miaka mingapi, umetoka wapi, umekimbia nini, nani alikuleta?

Mwaka 2017 Sheria ya Msaada wa Kisheria ilichukua nafasi ya ile ya 1969. Iliwatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili na kutaka uwepo utaratibu wa kuwafikia walioko mahabusu na magerezani. Kesi nyingi za wasaidizi hao zimebaki kuwa za ardhi, mirathi, ndoa na matunzo ya watoto, mambo ya watu wanaoishi kijijini na kurudi ofisini kesho. Mhamiaji wa Tunduma hana kesho ya namna hiyo.

Tofauti anayoleta wakili ilionekana Arusha Machi 22, 2018. Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa Butiama, alikuwa amenyang'anywa pasipoti, akatolewa nchini kuelekea Kenya mwaka 2014, Kenya ikamrudisha, naye akakwama kwenye eneo lisilo la mtu mpakani Sirari. Akisaidiwa na shirika la Asylum Access Tanzania, alishinda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo pia iliitaka Tanzania irekebishe sheria ili mwenye mgogoro wa uraia apate pa kusikilizwa. Novemba 2019 Tanzania ilijiondoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Januari 25, 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alikuwa mgeni wa Rais Magufuli Chato. Siku hiyo Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliofungwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria. Kwa tamko moja walisaidika watu wengi sana, bila kuhitaji kuuliza kama kila mmoja alielewa alichokiri.

Huruma ya aina hiyo haina tarehe. Rufaa inayo: taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Kwa kijana aliyehukumiwa asubuhi na kupelekwa gerezani Vwawa mchana, asiyejua Kiswahili na ambaye ndugu zake wako Hosaena kule Ethiopia, siku hizo 10 zinaanza kuhesabiwa kabla hajapata mtu wa kumweleza kwamba zipo.