Istilahi Isiyomridhisha Mwasisi Wake

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta akutanapo na istilahi ya Kiingereza itajayo kanuni za kutafuta na kukata matini, hushawishika kuandika “usemi wa kawaida”. Tafsiri hii yapotosha, maana kwetu “kawaida” ni jambo lililozoeleka.

Mwaka 1956 mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, alichapisha uchunguzi kuhusu mitandao ya neva, akalipa kundi fulani la matukio sifa hiyo. Papo hapo akawaomba wasomaji wampendekezee jina lenye kueleza zaidi. Mwaka 1968 Ken Thompson aliitumia hesabu hiyo kutafuta maneno katika matini. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa lugha ya Perl, ambayo amri yake ya kukata hupewa maelezo ya umbo la kitenganishi. Hivyo “Pemba, Unguja;Mafia” hukatwa penye mkato au nukta mkato, pamoja na nafasi ifuatayo kama ipo, yakabaki majina matatu safi.

Kiini, basi, ni umbo. Kwa kuwa tunalo neno “ruwaza”, twapendekeza “kanuni ya ruwaza”. Jina la Kiingereza limekwisha kuota mizizi. Sisi bado tunayo nafasi ya kuchagua.