Dawa za kukomesha degedege lisilokoma

Dawa za kukomesha degedege lisilokoma ni dawa za kutuliza ubongo anazopewa kwa dharura mtu ambaye degedege au kifafa kimemshika kwa zaidi ya dakika 5, au kimemrudia kabla hajapata fahamu. Hali hiyo huweza kuua au kuacha madhara ya kudumu katika ubongo. Dawa za kwanza ni za jamii ya benzodiazepini: diazepamu, lorazepamu na midazolamu.

Zote tatu huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Degedege likiendelea, vipokezi vya GABA hupungua juu ya seli, na dawa ileile hufanya kazi kidogo kuliko ambavyo ingefanya mapema. Kwa hiyo dawa bora mara nyingi ni ile inayomfikia mgonjwa kwanza.

Diazepamu huingia ubongoni haraka, lakini hutoka upesi na kwenda kwenye mafuta ya mwili. Ikichomwa kwenye msuli hufyonzwa polepole, ndiyo maana hupitishwa kwenye mshipa au njia ya haja kubwa. Lorazepamu hudumu zaidi, ila sindano yake huhifadhiwa kwenye jokofu, sharti gumu kwa zahanati isiyo na umeme. Midazolamu huchomwa kwenye msuli, au hutiwa puani au ndani ya shavu.

Utafiti wa RAMPART nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2012, ulihusu wagonjwa 893 waliotibiwa kabla ya kufika hospitali. Degedege lilikuwa limekoma walipofika kwa asilimia 73 ya waliochomwa midazolamu kwenye msuli, na asilimia 63 ya waliopewa lorazepamu kwenye mshipa. Lorazepamu ikishaingia ilifanya kazi haraka zaidi. Dakika zilipotea katika kutafuta mshipa.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 330 walilinganishwa (2008). Midazolamu ya shavuni ilishindwa kwa asilimia 30, diazepamu ya njia ya haja kubwa kwa asilimia 43. Hata hivyo nafuu hiyo ilionekana kwa watoto wasio na malaria tu, nao walikuwa wachache.

Dawa hizi huweza kupunguza kasi ya kupumua, na hofu hiyo huwafanya baadhi ya wahudumu kusita au kutoa dozi ndogo mno. Lakini katika utafiti wa San Francisco wa mwaka 2001, matatizo ya kupumua au ya mzunguko wa damu yaliwapata zaidi waliochomwa sindano isiyo na dawa: takriban asilimia 22, dhidi ya 10 hadi 11 kwa waliotibiwa.

Degedege lisipokoma baada ya dozi mbili, hufuata fenobabitoni, fenitoini, valproati au levetirasetamu.