Utamu wa Buni

Cheri ninazozijua mimi ni za kahawa. Ukitoka Kitale kuelekea Bungoma, pita Kimilili hadi Chwele, utaziona kwenye miteremko ya Mlima Elgon: nyekundu, na ukinyonya, tamu kweli.

Lakini utamu huo ulikuwa na wenyewe. Enzi za ukoloni, walowezi wa Trans Nzoia walilima kahawa, huku Mwafrika akizuiwa. Kisii na Meru waliruhusiwa miaka ya 1930, tena kidogo tu. Mlango ulifunguka hasa na Mpango wa Swynnerton wa 1954. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, Wagisu, ndugu za Wabukusu, walikuwa washailima zamani. Na mlima ni ule ule mmoja!

Leo ruhusa tunayo, ila tunda lenyewe bado si letu. Kiwandani linamenywa, mbegu inauzwa nje, maganda yanaishia shimoni. Wayemeni wao huyanywa, wanayaita qishr. Si kazi: chukua maganda ya cheri zisizopuliziwa dawa, yaoshe, yaanike hadi yakauke kabisa, kisha yachemshe na tangawizi na sukari. Kunywa moto.