Dawa za Kupunguza Uzito: Jinsi ya Kutuliza Maudhi ya Tumbo

Umeanza sindano ya kupunguza uzito na sasa una kichefuchefu, tumbo limejaa, au hupati choo. Matatizo ya tumbo ndiyo maudhi yanayowapata watu wengi zaidi wanaotumia dawa hizi. Kwa kawaida huja wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa, kisha hupungua mwili unapozoea.

Kutapika si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Wapo wanaovumilia kutapika siku nyingi wakidhani mafuta ndiyo yanatoka. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na upungufu huo unaweza kuumiza figo.

Kwa nini tumbo linasumbua?

Sindano kama Wegovy, Saxenda na Mounjaro, pamoja na Ozempic ambayo ni ya kisukari, huiga homoni zinazotolewa na utumbo baada ya kula. Huuambia ubongo kwamba umeshiba, na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ukila sahani ileile uliyozoea, chakula hukaa tumboni muda mrefu na kukuletea kichefuchefu, kiungulia na kubeua.

Ndiyo maana dozi huanza ndogo. Wegovy huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kisha hupandishwa hatua kwa hatua kila baada ya wiki 4. Usiruke hatua ili upungue haraka. Kama tumbo bado linakusumbua, muulize daktari kama unaweza kubaki kwenye dozi uliyopo kwa muda. Ukikosa sindano mbili mfululizo au zaidi, uliza kabla ya kurudia dozi ya juu.

Kichefuchefu na kiungulia

- Punguza chakula hadi nusu ya ulichozoea. Kula kidogo mara 4 au 5 kwa siku badala ya milo miwili mikubwa.
- Kula polepole na uache mara unapohisi kushiba. Ukiwa ugenini ukasisitizwa uongeze, shukuru na uache.
- Epuka chipsi, maandazi, sambusa, nyama ya mafuta na pombe. Uji, viazi au ndizi za kuchemsha, mayai na samaki wasiokaangwa hutulia vizuri zaidi.
- Kunywa maji kidogo kidogo kati ya mlo na mlo.
- Usilale mara baada ya kula. Subiri saa 2 au 3.

Choo kigumu

Unakula kidogo, unakunywa kidogo, na utumbo nao umepunguza mwendo. Ongeza maji, papai, mchicha na maharage, lakini pole pole, kwa sababu vikizidi ghafla tumbo hujaa gesi. Tembea kila siku. Zikipita siku 3 bila choo, muulize mfamasia dawa ya kulainisha. Achana na chai za "kusafisha tumbo" zinazouzwa mitaani. Zinaweza kukuharisha na kukukausha maji.

Kuharisha

Kunywa ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa siku chache punguza maziwa, juisi zenye sukari na vyakula vya mafuta. Kama choo kina damu au una homa, usitumie dawa ya kuzuia kuharisha. Nenda kituo cha afya.

Kama unatumia dawa nyingine

Ukitumia insulini au glibenklamidi, kula kidogo kunaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mwone daktari, huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango, kutapika na kuharisha hupunguza nguvu yake. Mounjaro yenyewe pia inaweza kuipunguza, kwa hiyo tumia kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza na kila dozi inapopanda.

Nenda hospitali haraka ukiona:

- maumivu makali ya tumbo la juu yasiyoisha, hasa yakielekea mgongoni (huenda kongosho limevimba);
- maumivu chini ya mbavu za kulia, homa au macho ya manjano (huenda ni mawe ya nyongo);
- unatapika hata maji, mkojo ni kidogo na mweusi, au una kizunguzungu ukisimama;
- tumbo limevimba na hupati choo wala hutoi upepo;
- damu kwenye matapishi, au choo cheusi kama lami.

Usichome sindano nyingine mpaka uonane na daktari.

Ukifika, taja dawa unayotumia. Wengi huficha kwa aibu, au kwa sababu waliinunua bila cheti cha daktari. Sisi wauguzi tusipojua, tutakuuliza juu ya malaria na vidonda vya tumbo huku kongosho likiendelea kuumia. Beba boksi au kalamu ya sindano, useme ulichoma lini na dozi gani. Hatuulizi ili tukuhukumu, tunauliza ili tujue pa kuanzia.