Kosa Lililogeuka Tiba

Wasikilizaji wa Ugogo, mwaka wa 1910 reli ilifika Dodoma. Mwaka huo huo huko Ulaya ilianza kuuzwa Salvarsan, dawa ya sindano ya kaswende. Katika miaka ya 1920 watu wengi wa Tanganyika waliziendea sindano za buba, ugonjwa ulio jamaa ya kaswende, wakaziamini mno.

Lakini dawa itiwayo mshipani yaweza kuuharibu mshipa wenyewe. Huko Ujerumani tabibu Paul Linser aliona mishipa ya wagonjwa wa kaswende, waliochomwa dawa ya zebaki, ikikakamaa na kuziba. Wengine wangaliona hasara tu. Yeye aliikumbuka mishipa ya miguu iliyovimba, ambayo vilango vyake vimelegea hata damu hurudi chini. Mwaka wa 1916 akatangaza kuitibu kwa sindano. Mshipa mbovu huziba, na damu hushika njia nyingine, kama maji ya korongo lililojaa mchanga.

Zebaki ni sumu, nayo imekwisha kuachwa. Dawa nyingine zimeshika mahali pake. Basi tukumbuke: sindano si hirizi. Huponya au huharibu kwa kadiri ya ujuzi wa mwenye kuishika.