Mfululizo wa riwaya uliokatishwa na kifo

Mfululizo uliokatishwa na kifo ni msururu wa vitabu vya kubuni ambao mwandishi wake amefariki kabla ya kuandika kitabu cha mwisho. Msiba wa wasomaji huwa na sura mbili: wanamlilia mtu, na wanalilia hadithi. Hili la pili huonewa aibu kulikiri, ingawa ndilo hudumu zaidi.

Mfano mashuhuri ni Robert Jordan, Mmarekani aliyeandika riwaya za kifantasia za *The Wheel of Time*, aliyefariki Septemba 2007. Kwa kuwa alijua anaumwa, aliacha maelezo ya namna hadithi itakavyoisha. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa mhariri wake, alimkabidhi mwandishi Brandon Sanderson kazi ya kuimaliza. Vitabu vitatu vilifuata, cha mwisho mwaka 2013.

Katika Kiswahili hali ni tofauti. Ben Mtobwa, muumba wa mpelelezi Joram Kiango, alifariki mwaka 2008. Elvis Musiba, muumba wa mpelelezi Willy Gamba, alifariki mwaka 2010. Hata hivyo, kila riwaya yao ilifunga kisa chake: adui anashindwa, mpelelezi anabaki hai. Hakuna fumbo lililoachwa wazi, na pengine ndiyo maana hapakuwa na kelele za kudai mrithi. Kinachokosekana ni safari nyingine tu. Kiango hakuzeeka wala hakuzikwa. Msomaji anayemtaka hana budi kurudi kwenye riwaya kama *Tutarudi na Roho Zetu?* na kuanza upya.